Ngiri Alivyolinda Mahindi ya Kinyonga

Ngano, ngano!

— Mwaga tupepete!

Hee! Sauti gani hiyo, mmeshonwa midomo? Ngano, ngano!

— MWAGA TUPEPETE!

Nimwage nyingi au nimwage chache?

— Mwaga ungo ujae!

Haya, hapo sawa. Sogeeni huku barazani, mvua isiwalowanishe. Kila mtu apukuchue hindi lake. Masikio nimeyaomba mimi, mikono iendelee na kazi. Na wewe Mhina, mume wa mdogo wangu, usijifiche nyuma ya kikapu. Nimekuona. Hilo hindi nene uliloliweka pembeni lina nini?

— Lina dumuzi, shemeji, limetobolewa.

Lina dumuzi. Sawa. Na lile la jana lilikuwa na dumuzi, na la juzi pia. Liache hapohapo, tutalirudia.

Basi, hapo zamani palikuwa na Kinyonga. Bi Kinyonga, mama wa watoto wengi, kila mtoto urefu wake kidole changu hiki cha mwisho. Mnamjua Kinyonga anavyotembea. Ananyanyua mguu, ananesa, anasimama. Ananyanyua mwingine, ananesa, anasimama. Nesa, simama. Nesa, simama. Kutoka nyumbani kwake mpaka shambani ni hapa na pale mlangoni, lakini yeye akitoka asubuhi anafika jua limeshawaka.

Mwaka uliopita Bi Kinyonga alilima mahindi, na hakuvuna hata bua. Ngiri alipita. Ngiri akipita shambani huulizi nani kapita. Basi kwa Bi Kinyonga ikabaki mbegu ya mahindi kibuyu kimoja, kibuyu kidogo, alichokuwa amekining'iniza juu ya moshi wa jikoni wadudu wasiingie. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake ya mwisho. Ikiliwa hiyo, watoto hawana cha kula mwaka huu wala cha kupanda mwaka ujao. Mnaelewa? Mwenye mzaha acheke baadaye, mama huyu alikuwa na hofu.

Mvua ikanyesha, akapanda. Punje moja, nesa, simama. Punje moja, nesa, simama. Mahindi yakaota.

Halafu akayatunza. Jamani, aliyatunza! Asubuhi anapanda juu ya jani, anageuza jicho moja huku, jicho jingine kule. Kiwavi yule! Ulimi nje: lwap! Kiwavi hayupo. Panzi yule! Lwap! Panzi hayupo. Mchana anachota jivu la jikoni, anatia kidogo katikati ya kila mche, pale majani yanapochipukia, ili kiwavi akiingia akute jivu. Akiona mche una milia ya njano, mche mgonjwa huo, anaung'oa, anautoa nje ya shamba, anauchoma moto. Usiugue mmoja ikaugua yote. Mahindi yakapanda juu, yakatoa mbelewele, yakaanza kubeba.

Ndipo alipokuja nani?

— Ngiri!

Alikuja Ngiri. Meno yametoka nje huku na huku, tumbo limetangulia, yeye anafuata. Akasimama mwisho wa shamba, akavuta pumzi: hmmmmf!

"Bibie," akasema, "shamba zuri hili. Mlinzi wako nani?"

"Ninalinda mwenyewe, bwana mkubwa."

"Wewe? Wewe na vimiguu hivyo? Kasuku wakija utawafanya nini? Nyani wakija? Wadudu? Magonjwa? Siku hizi magonjwa ya mahindi ni mengi, bibie, mimi nayajua yote. Shamba hili linataka mtu wa maana. Nimejitolea."

Bi Kinyonga akamtazama kwa jicho moja, akatazama mahindi kwa jicho jingine. Akikataa, Ngiri atapita kama mwaka jana. Akikubali, labda.

"Na ujira wako, bwana mkubwa?"

"Ujira? Mimi na wewe majirani! Sitaki kitu. Nipe ile haki ya mlinzi tu, kama ilivyo desturi."

Desturi yenyewe ilikuwa hivi: katika nchi ile mlinzi wa shamba halipwi, ila hindi lililotobolewa na wadudu au lililopata ugonjwa ni lake. Mwenye shamba analala usingizi, na mlinzi anapata cha kutafuna. Desturi nzuri, haina ubaya wowote. Ila walioiweka hawakuwa wamemfikiria Ngiri.

"Sawa," Bi Kinyonga akasema. Angesema nini?

Shambani palikuwa na dungu, kile kichanja cha miti anachokaa mlinzi akiangalia shamba lote. Ngiri akapanda. Kraaa! Puu! Dungu likalala chini, na Ngiri juu yake.

"Hili dungu lilikuwa na mchwa," akasema, akijipangusa. "Unaona? Nimeanza kazi."

Kesho yake Bi Kinyonga akaja, nesa, simama, nesa, simama. Akakuta mstari wa kwanza wa mahindi hauna kitu.

"Bwana mkubwa, mahindi yangu!"

"Yalikuwa magonjwa, bibie. Pole sana."

"Yalikuwa na ugonjwa gani?"

"Yamenenepa. Hindi zima halinenepi namna ile. Ule ni uvimbe." Akakata jingine: gwaru, gwaru, gwaru, gudu! "Umeona? Na hili lilikuwa na uvimbe."

Siku iliyofuata, mstari wa pili.

"Bwana mkubwa, na haya?"

"Yalikuwa magonjwa, bibie. Pole sana."

"Ugonjwa gani tena?"

"Punje zimepangana mno. Zimebanana, zinakosa hewa." Gwaru, gwaru, gwaru, gudu! "Hili limekufa mikononi mwangu."

Siku iliyofuata, mstari wa tatu.

"Bwana mkubwa, jamani!"

"Magonjwa, bibie. Pole sana. Haya ni matamu kupita kiasi. Utamu ule si wa kawaida, lazima kuna kitu."

Na pale pembeni palikuwa na hindi lenye fugwe, ule ugonjwa unaolifanya hindi lifure vinundu, ukivitumbua unatoka unga mweusi. Bi Kinyonga akalionyesha kwa mkono. "Na lile, bwana mkubwa? Lile mbona hujaligusa?"

Ngiri akaligeuzia pua upande. "Lile linapona."

"Mimi nijuavyo, kilichougua hung'olewa kikachomwa moto, kisiambukize wenzake."

"Ndiyo sheria!" Ngiri akapiga kwato chini. "Sheria yangu ndiyo hiyohiyo! Kilichougua kisibaki shambani! King'olewe! Kichomwe! Asionewe mtu huruma! Mimi ninang'oa, na tumbo langu hili, bibie, ni moto mtupu."

Mhina, unacheka nini? Pukuchua.

Bi Kinyonga akarudi nyumbani. Watoto wakamzunguka. "Mama, mahindi yetu yamekomaa?" Akapanda kwenye kijiti chake akakaa, na machozi yakamtoka jicho hili na jicho lile. Alikuwa na uchungu. Viwavi aliwashinda, panzi aliwashinda, ugonjwa wa milia aliushinda, leo shamba linamalizwa na mlinzi! Nusu imeshakwenda. Akilia mpaka kesho, nusu ya pili inakwenda.

Akajifuta. Akafikiri. Akafikiri polepole, maana yeye hata kufikiri ni nesa, simama. Lakini alifika.

Sasa kuna jambo moja mnalijua nyinyi na Ngiri alikuwa halijui. Kinyonga hugeuka rangi. Angelijuaje? Hakuwahi hata siku moja kumtazama Bi Kinyonga vizuri. Kila akija, macho yako kwenye mahindi.

Asubuhi Bi Kinyonga akaenda kwanza kwa jirani yake Kobe, wakanong'ona kidogo. Kisha akaingia shambani, akajigeuza njano. Juu ya njano akajitia milia. Juu ya milia akajitia madoa meusi. Akaanguka njiani mbele ya Ngiri, miguu juu.

"Ewe!" Ngiri akaruka. "Una nini wewe?"

"Aah, bwana mkubwa... usinikaribie. Jana uliacha kipande cha hindi gonjwa. Nikasema nisitupe riziki. Nimekula punje moja."

"Punje moja?"

"Moja tu. Tena ndogo." Akajigeuza mwekundu. Akajigeuza kama jivu. Akarudi njano. "Ugonjwa umepanda mpaka machoni."

Ngiri akameza mate, gudu. "Punje moja inafanya hivyo?"

"Ndiyo, bwana mkubwa. Wewe umekula mangapi?"

Ngiri akatazama mistari ile mitupu. Akatazama tumbo lake.

"Sikiliza, bibie," akasema haraka haraka. "Yale niliyokula mimi hayakuwa magonjwa. Yalikuwa mazima."

"Mazima?" Bi Kinyonga akainua kichwa. "Bwana mkubwa, ulikuwa unakula mahindi yangu mazima?"

"La! La, mimi mlinzi! Yalikuwa magonjwa."

"Basi unaumwa."

"Siumwi! Yalikuwa mazima!"

"Basi umeniibia."

"Sijaiba! Yalikuwa magonjwa!"

"Basi unaumwa, pole sana."

Wakaenda hivyo, magonjwa, mazima, magonjwa, mazima, mpaka Ngiri jasho likamtiririka. Mwisho akaona bora mgonjwa kuliko mwizi, akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mimi sina madoa."

"Umejitazama?"

"Nijitazame wapi?"

"Njoo kwenye maji."

Ngiri siku zote anakunywa maji ya matope, tena anayavuruga mwenyewe kabla hajanywa. Uso wake alikuwa hajauona tangu azaliwe. Bi Kinyonga akampeleka kwenye dimbwi la mvua, maji yametulia, meupe. Dimbwi liko chini, na Ngiri shingo yake fupi. Ikabidi apige magoti ya mbele. Akapiga magoti, akachungulia.

Loo!

"Vinundu!" akapiga kelele. "Usoni kwangu kuna vinundu! Hiki hapa! Na hiki! Na huku!"

"Masikini," Bi Kinyonga akasema. "Fugwe."

"Nitatoka unga mweusi?"

"Mimi sijui, wewe ndiye unayejua magonjwa yote. Ulisemaje vile? Kilichougua kisibaki shambani. King'olewe. Halafu kifanywe nini?"

Ngiri akakigusa kinundu kimoja kwa kwato.

"Kifanywe nini, bwana mkubwa?"

"Kichomwe," Ngiri akanong'ona.

"Na asionewe mtu huruma. Mimi mwenyewe nimekubali, tutachomwa wote wawili, usihofu, hutakuwa peke yako. Nimeshamtuma jirani akalete moto."

"Jirani gani?"

"Kobe."

Ngiri akashusha pumzi. "Kobe! Huyo atafika lini?"

"Leo hafiki. Kesho hafiki. Ila yuko njiani, na Kobe hajawahi kurudi nyuma."

Nawaambieni, bora angemtuma Duma! Moto wa Duma unafika mara moja, mambo yanaisha. Moto wa Kobe unauwaza. Ukila unauwaza, ukilala unauwaza. Kila jani likicheza, Ngiri anashtuka: "Ni yeye?" "Bado, bwana mkubwa." Mjusi akipita: "Ni yeye?" "Bado." Jioni yule mlinzi mwenye meno nje huku na huku akaja kwa Bi Kinyonga analia hi, hi, hi.

"Bibie, mama yangu, hakuna dawa?"

Bi Kinyonga akafikiri kwa muda mrefu. Alikuwa ameshafikiri tangu jana, lakini akafikiri tena ili amfurahishe mgonjwa.

"Iko," akasema. "Ila ina masharti."

"Yote nayakubali!"

"Kwanza, jivu na pilipili puani, kila siku asubuhi."

"Nakubali!" Akapakwa. Chee! Chee! Chee! Chafya zile kasuku walizisikia, wakahama bonde zima.

"Pili, ugonjwa huu unaingilia machoni. Usinyanyue uso kutazama hindi. Kula chini tu, na ule umepiga magoti, kama ulivyopiga pale kwenye maji. Kula magugu, kula mchwa wanaokata mashina, kula funza wa udongoni, kula mizizi ya nyasi. Ukishika hilo, vinundu havitaongezeka."

"Vitaondoka?"

"Nimesema havitaongezeka."

"Nakubali!"

"Tatu, ukikimbia, simamisha mkia juu, majirani wajue mgonjwa anapita, wakupishe."

"Nakubali, mama yangu, nakubali!"

Na Ngiri akaanza kulinda. Safari hii alilinda kweli. Magoti chini, pua chini, mchwa huyu: gudu! Funza huyu: gudu! Gugu hili: gwaru, gwaru! Mstari huu akaumaliza akaingia ule. Nyani walikuja mara moja, wakakuta mtu mkubwa amepaka jivu usoni, anapiga chafya na kulia machozi huku akiwaambia, "Msiguse, jamani, haya yanaua!" Wakakimbia, wakaenda kuwaambia na wenzao. Nusu ile ya shamba iliyobaki ikanawiri. Bi Kinyonga yeye mgonjwa alipona baada ya kulala kidogo, akarudi juu ya majani yake, lwap, lwap, na watoto wake nyuma yake wanajifunza: lwep, lwep.

Mahindi yakakomaa. Yenye mashina imara wakayaacha yakauke kwa mbegu, kibuyu kikajaa na kingine kikatafutwa. Mengine wakayavunja mabichi, ya kula na watoto. Siku hiyo, wakiwa wanamenya maganda, nani huyo anatokea njiani, kijinga cha moto mdomoni, amechoka hoi?

— Kobe!

Kobe! Alikuwa anasimama njiani anakusanya majani, anapuliza, fuu, fuu, moto usizime, ndiyo maana akachelewa. Na kusema kweli asingechelewa pia angechelewa.

"Jirani," akasema, "nimewahi?"

"Umewahi sana," Bi Kinyonga akasema. "Tia moto hapo."

Wakayachoma mahindi. Punje zikapasuka, pa! pa! Moshi ukapanda, harufu ikaenda mpaka kwenye magugu alikokuwa Ngiri amepiga magoti. Pua ikamcheza, hmmmmf! Akasahau sharti, akanyanyua uso.

"Bibie! Harufu gani hiyo nzuri?"

"Kobe amefika na moto, bwana mkubwa!" Bi Kinyonga akajibu, hindi liko mdomoni. "Tunachoma wagonjwa! Wewe ndiye umebaki!"

Weee! Ngiri hakuuliza neno la pili. Mkia juu, tiii! Mbio, tiki-tiki-tiki-tiki! Akafika kwenye shimo lake, na hata hapo hakuingia kichwa kwanza. Aliingia kinyumenyume, matako ndani, macho nje, amtazame Kobe kama anakuja na kijinga. Mpaka leo nendeni mkamwone. Akila anapiga magoti. Akikimbia mkia uko juu. Akiingia shimoni anaingia kinyumenyume. Na Kobe hana habari, anatafuna majani yake.

Sasa fundisho. Kila ngano ina fundisho, la sivyo wazazi wenu wataniuliza mlikuwa mnafanya nini huku kwangu. Fundisho ni hili: uongo ni mbaya. Msiseme uongo hata kidogo. Mwongo havuni.

— Bibi, mbona Kinyonga alisema uongo akavuna?

Nani kauliza? Wewe Chausiku? Kaa chini. Kinyonga hakusema uongo, aligeuka rangi tu. Fundisho la pili: walinzi wetu tuwaamini, wanajitolea, hawataki kitu. Wakituambia hindi limenenepa kwa ugonjwa, tuseme ahsante. Fundisho la tatu...

Mhina. Hilo hindi lenye dumuzi liko wapi? Lilikuwa hapo pembeni. Mbona liko kikapuni na mazima?

— Nimeliangalia vizuri, shemeji. Limepona.

Limepona! Vigelegele jamani, limepona! Na la jana, na la juzi? Hayakuwahi kupona hayo, yalikufa mikononi mwako. Pole sana. Hebu sogea hapa kwenye mwanga tuutazame uso huo. Chausiku, kamwite Kobe.

Haya, nilichokuwa nacho nimekimwaga. Punje zenu!

— Makapi yako!

Na mvua imekatika. Hakuna anayetoka hapa mpaka kikapu kiishe.